HUKUMU YA MTU MMOJA HUWAFUNGA WENGI

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la reli)



Kamati ya tawi imetuagiza tuseme nanyi juu ya jambo ambalo limeulizwa mara nyingi katika mikutano yetu. Mwanachama akiumia kazini na kwenda kumwona wakili, huambiwa: "Kesi yako ni nzuri, lakini kuna hukumu iliyotangulia." Naye hurudi kwetu akiuliza: Hiyo hukumu iliyotangulia ni kitu gani? Mtu huyo aliyehukumiwa zamani mimi simjui. Siku ile sikuwako kortini wala sikuulizwa neno. Mbona hukumu yake inanifunga mimi?

Swali hili ni la haki, na lastahili jibu. Sisi si mawakili. Sisi ni watu wa reli, na shule yetu ilikuwa ya misheni, tena ya chini. Lakini tumesoma, tumeuliza wajuao, na tumeona kwamba jambo hili halimpiti mfanyi kazi akilifuata polepole. Tena tumeona ya kwamba wenye kazi wanalijua sana, na ndiyo sababu inatupasa na sisi tulijue.

SHERIA HUTOKA WAPI

Wengi wetu twadhani sheria hutoka Bungeni peke yake. Ni kweli kwamba Bunge ndilo hutunga sheria, likazipiga chapa na kuzitangaza. Lakini Bunge haliwezi kufikiri kila jambo litakalotokea duniani. Huja siku mtu akapeleka korti shauri ambalo hakuna kifungu kinacholitaja. Jaji hawezi kumwambia, "Nenda nyumbani, sheria haina neno." Lazima aseme ndiyo au la, na lazima atoe sababu. Sababu ile ikiandikwa na kuwekwa katika vitabu, jaji wa kesho mwenye shauri kama lile ataifungua na kuifuata. Hapo ndipo neno la jaji limekuwa sheria.

Kwa nini aifuate? Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni usawa. Kama gadi mmoja amevunjika mguu akalipwa, na gadi mwingine amevunjika mguu kwa njia ile ile akanyimwa, watu watasema korti ina upendeleo. Ya pili ni kujua mambo mapema. Mtu akijua korti ilisema nini jana, aweza kujua afanye nini leo. Wazee wetu waliokaa barazani walifanya vivyo hivyo. Likija shauri la mpaka wa shamba, mzee mmoja atasema, "Mnakumbuka tulivyoamua shauri la fulani mwaka wa njaa?" Basi wote hutulia, maana njia imekwisha kupasuliwa.

Lakini korti zina vyeo kama kazi ilivyo na vyeo. Katika Kenya, Katiba ya 2010 yasema katika kifungu cha 163 ya kwamba korti zote zinafungwa na hukumu za Mahakama ya Juu, isipokuwa hiyo Mahakama ya Juu yenyewe. Chini yake kuna Mahakama ya Rufaa, halafu Mahakama Kuu na Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi zilizo na cheo kimoja, halafu korti za mahakimu. Neno la juu hushuka na kufunga walio chini. Neno la chini halipandi kumfunga aliye juu.

SI KILA NENO LA JAJI HUFUNGA

Hapa pana jambo ambalo lazima tulishike sana. Jaji aweza kusema maneno ya kurasa hamsini. Si yote yanayofunga. Kinachofunga ni ile sababu iliyobeba hukumu, yaani neno ambalo kama ukiliondoa hukumu huanguka.

Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari ya Mfalme Sulemani na wale wanawake wawili waliogombea mtoto. Mfalme aliagiza upanga uletwe, mtoto akatwe vipande viwili, kila mmoja apewe nusu. Mama wa kweli akalia, akasema, "Mpeni huyu mwenzangu, asiuawe." Ndipo mfalme akajua mtoto ni wa nani. Sasa tuseme kesho hakimu ameletewa shauri kama lile, naye ataka kufuata hukumu ya Sulemani. Je, aagize upanga? La. Upanga ni habari ya siku ile tu. Sababu ya hukumu ni kwamba mzazi wa kweli hutambulikana kwa kuthamini uhai wa mtoto kuliko haki yake mwenyewe. Hiyo ndiyo ya kufuatwa.

Kazi ya mawakili kortini, siku nyingi, ni kubishana juu ya jambo hili. Mmoja asema, "Kesi yetu ni sawa na ile ya zamani, ifuateni." Mwenziwe asema, "Hapana, ile ilikuwa na upanga na hii haina. Si kesi moja." Anayeshinda katika mabishano hayo amepata sheria upande wake. Kwa hivyo hukumu moja yaweza kunyoshwa ikawa ndefu, au kukatwa ikawa fupi, na majaji wanaokuja nyuma. Aliyeitoa kwanza hajui itafika wapi.

GARI LA MWUZA NYAMA

Tutawapa mfano wa kweli, nao unatuhusu sisi watu wa reli, ijapokuwa ulianza mahali pasipo reli.

Katika Uingereza, mwaka wa 1835, alikuwako kijana jina lake Charles Priestley. Alikuwa mtumishi wa mwuza nyama aitwaye Thomas Fowler. Siku moja alitumwa kwenda na gari la farasi lililopakiwa nyama. Gari lilikuwa limejazwa kupita kiasi, likavunjika njiani, naye akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja. Akamshitaki tajiri wake. Korti ya kwanza ilikuwa na juri, yaani watu wa kawaida wanaokaa na jaji kusikiliza shauri. Wale wakampa paundi 100.

Tajiri hakukubali. Shauri likapelekwa London, na mwaka wa 1837 likaamuliwa na Lord Abinger na wenzake. Jaji huyu alisema wazi kwamba hakuna hukumu iliyotangulia ya mtumishi kumshitaki tajiri wake kwa jambo kama hili, kwa hivyo itawabidi waamue kwa kufikiri tu. Akafikiri hivi: Tukisema tajiri alipe hapa, basi kesho atalipa kama mtumishi wa chumbani amemlaza mwenziwe katika kitanda chenye maji maji, au kama mpishi hakusafisha vyombo vya jikoni. Tena mtumishi alikuwa na nafasi ya kujua kama gari limezidiwa kuliko hata tajiri, naye aliweza kukataa kulipanda. Basi Priestley akapoteza zile paundi 100.

Angalieni, ndugu. Palikuwa na nafasi tupu katika sheria, na jaji akaijaza. Aliijaza akifikiri juu ya nyumba ya bwana yenye mpishi na kitanda. Hakufikiri juu ya mgodi wala kiwanda, na reli ilikuwa bado changa. Lakini neno likawa limeandikwa kitabuni.

NENO LAPANDA GARI MOSHI

Mwaka ule ule wa 1837, mwezi wa Oktoba, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, dereva wa gari moshi jina lake Nicholas Farwell alikuwa kazini katika reli ya kutoka Boston kwenda Worcester. Mtu wa pointi aliiacha pointi vibaya. Gari likatoka relini, na mkono wa kulia wa Farwell ukasagwa. Akaishitaki kampuni.

Hukumu ikatolewa mwaka wa 1842 na Jaji Mkuu Lemuel Shaw. Naye alikuwa na hukumu ya Priestley mbele yake. Alisema kwamba Farwell alilipwa dola 2 kwa siku, mshahara mkubwa kuliko aliopata alipokuwa fundi, na kwamba mshahara wa kazi ya hatari umekwisha kuhesabiwa hatari yake ndani. Tena wafanyi kazi wa kampuni moja, alisema, wakae wakiangaliana. Mmoja akiona mwenziwe ni mzembe, aweza kuripoti au kuacha kazi. Kwa hivyo, aliyeumizwa na kosa la mwenziwe wa kazi asidai kwa tajiri.

Sisi tuliopita usiku katika stesheni za porini twauliza: dereva aliye juu ya injini, gari likienda mbio, atamwonaje mtu wa pointi kama amelala au yu macho? Mara nyingi hata sura yake haijui. Akifika kwenye pointi mbaya, saa ya kuripoti imekwisha kupita.

Lakini neno liliendelea na safari. Mwaka wa 1850, katika Uingereza yenyewe, mfanyi kazi wa reli aitwaye Hutchinson aliuawa wakati magari mawili ya kampuni yake yalipogongana, naye akisafiri kwa kazi ya kampuni. Korti ikawakataza watu wake fidia kwa sababu ile ile. Kama angalikuwa abiria aliyenunua tikiti, wangalilipwa. Kwa kuwa alikuwa mtumishi, hawakulipwa.

Halafu likavuka kwenda Scotland. Korti za Scotland zilikuwa na desturi yao, na zilikuwa zimewahi kusema kwamba tajiri alipe. Mwaka wa 1858 likafika shauri la mgodi wa makaa ya mawe ulioitwa Bartonshill. Mtu wa mashine hakuisimamisha kwa wakati, na wachimbaji wawili waliokuwa wakipandishwa juu wakafa. Shauri likapelekwa kwa Baraza la Malodi huko London, ambalo siku zile lilikuwa korti ya mwisho hata kwa Scotland. Malodi wakasema sheria ni moja pande zote mbili. Hivyo desturi ya Scotland ikafutwa kwa hukumu moja.

Basi hesabuni: gari moja la nyama lililovunjika njiani, na katika miaka 21 neno lake limefunga madereva, magadi, wachimbaji na wajane wao, nchi tatu.

NENO LILIVYOKATWA KIDOGO KIDOGO

Neno hili liliondokaje? Halikuondoka siku moja. Liliondoka kwa njia mbili zilizokwenda pamoja, njia ya korti na njia ya Bunge.

Njia ya korti ilikuwa ile tuliyoitaja, ya kusema, "Kesi hii si ile." Mwaka wa 1891 Baraza la Malodi lilisikiliza shauri la Smith, mtu aliyekuwa akitoboa mwamba katika ujenzi wa reli, huku winchi ikipitisha mawe juu ya kichwa chake. Jiwe likamwangukia. Matajiri wakasema, "Alijua hatari, akaendelea na kazi, basi amekubali kuumia." Malodi wakakataa. Kujua hatari, walisema, si sawa na kukubali kuumizwa. Mwaka wa 1898 korti ikaamua shauri la kijana Groves, aliyekatika mkono kwa mashine isiyozungushiwa kinga katika kiwanda cha chuma. Ikasema: kinga hiyo iliamriwa na sheria ya Bunge, na tajiri hawezi kujificha nyuma ya kosa la mtumishi mwingine. Mwaka wa 1937 likaja shauri la mchimbaji aitwaye English, aliyegandamizwa na mitambo ya kuvuta magari akitoka kazini. Malodi wakasema tajiri mwenyewe ana wajibu wa kuwapa watu wake wenzi wajuao kazi, vyombo vizuri, na utaratibu wa kazi ulio salama, na wajibu huo hawezi kumtupia msimamizi wake.

Mwaona? Hakuna hata mmoja wa majaji hao aliyesema wazi, "Neno la Priestley limekufa." Walilizungushia ua, na kila shauri ua ukawa mdogo zaidi. Wala Malodi hawakuweza kulifuta wenyewe hata kama wangalitaka, maana mwaka wa 1898 walikuwa wamesema kwamba wanafungwa na hukumu zao wenyewe. Kifungo hicho walijifungua mwezi wa Julai 1966 tu. Mahakama ya Juu ya Kenya nayo yaweza kuacha hukumu yake ya zamani, lakini kwa sababu nzito tu.

Njia ya pili ilikuwa Bunge, na hapa ndipo vyama vya wafanyi kazi vilipofanya kazi yao kwa miaka mingi. Sheria ya 1880 ililegeza kamba kidogo. Sheria ya 1897 ikaleta fidia kwa kazi kadha wa kadha, na reli ikiwamo, bila kuuliza ni kosa la nani. Mwisho, mwaka wa 1948, Bunge la Uingereza likalifuta kabisa lile neno la kosa la mwenzi wa kazi. Watu wa reli wa Marekani walikuwa wamepata sheria yao mwaka wa 1908.

Tangu 1837 hata 1948 ni miaka 111. Ndiyo maisha ya neno moja la jaji.

Na msidhani mambo haya yagusa fidia tu. Mwaka wa 1900 watu wa reli ya Taff Vale, katika Wales, waligoma. Kampuni ikakishitaki chama chao chenyewe, na mwaka wa 1901 Malodi wakasema chama chaweza kushitakiwa na fedha zake kuchukuliwa. Chama kikalipishwa paundi 23,000. Kwa hukumu moja, kila chama katika Uingereza kikaogopa kugoma. Ikawabidi wafanyi kazi kupeleka watu wao Bungeni, na mwaka wa 1906 ikapitishwa sheria iliyoifuta hukumu ile.

NENO LAFIKA KENYA

Huenda mtu akauliza: hayo ya Ulaya yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 1967 juu ya kazi ya korti inasema kwamba, pale ambapo hakuna sheria yetu iliyoandikwa, korti zitafuata sheria ya majaji wa Kiingereza, kadiri inavyofaa hali ya nchi hii na watu wake. Na sheria za Bunge lao ni zile za jumla zilizokuwako tarehe 12 Agosti 1897. Mwaka ule wa 1897 reli ilikuwa ingali ikilazwa kutoka Mombasa kuingia bara. Mataruma yalishushwa melini, na vitabu vya hukumu vikashushwa pamoja nayo.

Sasa tuje kwa shauri letu wenyewe. Mwaka wa 2007 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya fidia kwa walioumia kazini. Kifungu cha 16 chasema mfanyi kazi aliyeumia asimshitaki mwajiri kortini kudai fidia, ila afuate njia ya sheria hiyo. Njia yenyewe ni kupeleka dai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye huchunguza na kukata fidia. Chama cha Mawakili kikaenda kortini kupinga. Mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho na vingine kadha havipatani na Katiba ya wakati ule. Kwa neno hilo, waliojeruhiwa wakaendelea kupeleka mashauri yao kortini. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ikaipindua sehemu kubwa ya hukumu ile. Na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana na Mahakama ya Rufaa. Basi njia ikawa ni ya Mkurugenzi kwanza.

Ndugu, fikirini juu ya mtu aliyeumia mwaka wa 2015, akaambiwa nenda kortini, akaenda, na kabla shauri lake halijakwisha, neno la juu likashuka. Hakuwa amekosea kitu. Alifuata njia iliyokuwa wazi siku ile. Mashauri ya namna hiyo yalileta mabishano mengi katika korti. Wala hakuna hata mmoja wa watu hao aliyekuwa mshitaki katika shauri la Chama cha Mawakili. Hukumu ilikuwa ya wengine, na kifungo kikawa chao.

YATUPASA TUFANYE NINI

Sasa tufike kwenye neno ambalo kamati ilitaka tuliseme. Tajiri akubwa wa kampuni ana mawakili wanaotazama mashauri yote kwa pamoja, mwaka baada ya mwaka. Mfanyi kazi ana shauri moja tu, la mguu wake au mkono wake. Tajiri akiona shauri ambalo mfanyi kazi ana nguvu, na kwamba hukumu yake yaweza kuwa sheria ya wote, humwita yule mtu pembeni na kumpa fedha ili shauri liondolewe. Shauri likiondolewa hakuna hukumu, na neno la zamani hubaki lilivyo. Lakini akiona shauri ambalo mfanyi kazi hana mashahidi wala karatasi, hulipeleka mpaka juu, apate hukumu ya kutufunga sisi sote. Kwa njia hii sheria huweza kuinama upande mmoja bila mtu yeyote kudanganya.

Tutamlaumu mwenzetu aliyechukua fedha? La hasha. Mtu ana mguu uliokatwa, watoto wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, mwenye nyumba ataka kodi, na fedha ziko mezani. Nani kati yetu atamwambia, "Kataa, kwa ajili ya watu usiowajua"? Hatuna haki ya kumwambia hivyo kama hatuna kitu cha kumpa. Ndiyo sababu kamati inaomba mambo manne.

Kwanza, mfuko wa mashauri. Sehemu ya ada zetu iwekwe mbali, ili mwanachama mwenye shauri zito apate wa kumshika mkono mpaka siku ya hukumu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mwenyewe akichagua kupatana na tajiri, achague kwa hiari yake, si kwa njaa.

Pili, maandishi. Tumeona ya kwamba hukumu hutegemea habari za shauri, na habari zisizoandikwa hupotea. Ukiumia, mjulishe mkubwa wako mara moja, na uandike: saa, mahali, kazi uliyokuwa ukifanya, nani aliona, chombo gani kilivunjika. Weka nakala. Sheria ya 2007 yatoa miezi 12 ya kupeleka dai lako, kuanzia siku ya ajali. Kama huridhiki na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuupinga kwake, na jibu lake lisipokuridhisha, siku 30 za kukata rufaa kwa Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi. Siku hizo zikipita, hata wakili hodari hatakusaidia kitu.

Tatu, kuchagua vita. Kabla chama hakijakata rufaa, tuulize: Tukishindwa huko juu, ni nani wengine watakaofungwa? Shauri bovu likishindwa kwa hakimu, ameshindwa mtu mmoja. Likishindwa katika Mahakama ya Juu, tumeshindwa sisi sote na watoto wetu. Mara nyingine ni hekima kungoja shauri lenye mashahidi wazuri na kosa lililo dhahiri. Tunajua neno hili ni gumu kwa mwenye shauri bovu, maana uchungu wake si mdogo kuliko wa mwingine. Yeye naye chama kimsaidie kwa njia ya Mkurugenzi na kwa mapatano. Asiachwe peke yake.

Nne, kusoma. Siku hizi hukumu za korti zetu huwekwa wazi na baraza la serikali linalochapisha taarifa za sheria, na mtu aweza kuzisoma bila malipo, hata kwa simu. Kila tawi lichague watu wawili watatu wa kuzisoma na kuleta habari mkutanoni. Wakikuta hukumu mbaya, wasiseme tu, "Tumekwisha." Waulize: Sababu iliyobeba hukumu hii ni ipi? Shauri letu lina tofauti gani nayo? Na ikiwa haina tofauti, basi ni zamu ya kwenda kwa Mbunge, maana hukumu isiyopindwa na korti hufutwa na Bunge. Watu wa Taff Vale walifanya hivyo katika miaka mitano. Watu wa mashauri kama la Priestley walingoja miaka 111.

Ndugu wanachama, kila mmoja wetu akivuka mlango wa korti, huingia na watu wengi nyuma yake ambao hawaoni. Neno atakalopewa litawafikia fundi wa karakana, gadi wa usiku, na kijana ambaye bado hajaajiriwa. Basi asiingie peke yake. Maazimio ya mfuko wa mashauri yako mbele yenu, nanyi mtayapigia kura kabla ya kutawanyika.